Matairi Mawili Mapya

Mara ya kwanza mama alipopanda gari langu, hatukumaliza hata kuvuka uwanja wa kanisa la Igowole kabla hajaniambia nisimame.

"Nani alikuwa amekaa hapa?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama."

"Mbona pana joto?"

Nikamweleza kwamba kiti kina waya ndani yake, kinapata moto kwa umeme wa gari, na kwamba nilikiwasha kwa ajili yake kwa sababu ukungu wa asubuhi ile ulikuwa mzito kiasi cha kudondoka kwenye majani. Akapenyeza kiganja chini ya kitenge, akaipapasa ngozi ya kiti, akafikiri.

"Wazungu ni wavivu," akasema. "Hata kuota moto wanataka wakiwa wameketi."

Lakini hakuniambia nizime. Tulipofika dukani alinituma mimi chumvi na sabuni, yeye akabaki ndani, mikono mapajani, uso umetulia kama yuko mbele ya jiko la kuni. Niliporudi alikuwa amefumba macho. Nikakaa nje dakika chache zaidi, nikijifanya naongea na simu.

Gari lenyewe lilikuwa la kifahari, jeusi, refu, la mkono wa pili kwa maneno ya aliyeniuzia na pengine la mkono wa nne kwa ukweli. Nililinunua Mbeya kwa ofisa mmoja aliyekuwa anahama. Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, maana ukisoma hadi mwisho utaona kosa halikuwa lake. Nililipata kwa kuuza shamba la misonobari ambalo baba alilipanda mwaka niliomaliza kidato cha nne. Aliniambia miti hiyo ikikomaa itakuwa paa la nyumba yangu, siku nitakapotulia. Miti ikakomaa, baba akawa ametangulia, na mimi nilikuwa bado sijatulia. Nikanunua gari.

Sijivunii jambo hilo wala sijutii. Tangu utotoni nilipenda zaidi kuwa njiani kuliko kufika. Nimewahi kuwa utingo wa lori, kisha dereva, nimenunua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuviuza Tunduma, nimelala Makambako miaka miwili katika chumba ambacho sikuwahi kukifungulia sanduku la pili. Sasa nimepanga Iringa mjini, na mke wangu husema kwamba akiniona nimekaa mahali pamoja wiki nzima huwa anagusa paji langu kuona kama nina homa.

Mama hana tabia hiyo. Alisafiri mara moja tu kwa maana halisi ya kusafiri: kutoka milima ya juu ya Mbeya, upande wa Kawetire ambako kwao walilima pareto na viazi, hadi Igowole alikoolewa na baba. Huko nyuma alimwacha dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitano na aliyemlea mgongoni. Mwanzoni walitembeleana. Baadaye watoto, misiba, mashamba, na mwishowe nyonga ya mama, ambayo ilikataa kabisa kiti cha basi. Wakabaki na simu. Kila Jumapili baada ya ibada mama huketi kwenye kigoda karibu na mlango, mahali penye mtandao, akaongea Kisafwa na dada yake, lugha ambayo sisi watoto tuliisikia kama watu wanaosikia mvua: tunajua inanyesha, hatujui inasema nini.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari wa Iringa alisema ni mtoto wa jicho, operesheni yake ni fupi na watu wengi wanaona vizuri baadaye. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na tulipotoka nje akaniambia hafanyiwi.

"Kwanza nimwone dada," akasema. "Kwa macho haya haya. Bado naona sura ya mtu akinisogelea. Wakishayagusa, yakipona sawa, yakiharibika sawa, lakini nitakuwa nimemwona."

"Hayaharibiki, mama. Daktari amesema."

"Daktari yeye anaona."

Basi nikamwahidi. Baada ya Pasaka nitakupeleka, mlangoni hadi mlangoni, kwenye kiti cha moto. Akapiga simu Kawetire siku ile ile, bila kusubiri Jumapili.

Mtu akiahidi jambo kubwa hufanya maandalizi, na mimi maandalizi yangu yalikuwa matairi. Yale yaliyokuja na gari yalikuwa yameliwa, si sana, lakini barabara ya Mbeya ina malori na mvua za masika zilikuwa hazijakoma. Nikaingia duka moja la Iringa, nikanunua matairi mawili mapya. Hayakuwa ya aina moja na yale ya zamani, na namba zake zilitofautiana kidogo.

"Tofauti ya unywele," muuza duka akasema. "Yataingia."

Yakaingia. Nikayafunga mbele, kama nilivyofundishwa.

Aliyenifundisha ni dereva wa lori niliyekuwa utingo wake, mtu mfupi, mkali, aliyekunywa chai bila sukari na kuendesha kama anayebeba mayai. Maneno yake bado yako kichwani mwangu kwa sauti yake yeye, si yangu. Kuhusu matairi alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila tulipobadilisha: "Mapya mbele, makuukuu nyuma. La nyuma likipasuka utamwomba Mungu. La mbele likipasuka utakutana naye." Nimeendesha pikapu, Kosta na malori kwa sheria hiyo, nimenunua matairi mawili mawili maisha yangu yote kama watu wote ninaowafahamu, na sijawahi kukutana na Mungu kabla ya wakati. Kwa hiyo nilipolifunga lile la pili, nikalipiga teke kidogo, nikajisikia mtoto mwema kwa mama yangu na mwanafunzi mwema kwa dereva wangu.

Kesho yake, nikigeuza gari uani polepole, likaruka. Halikuruka sana. Lilifanya kama mtu mwenye kwikwi anayejaribu kuificha mbele ya wageni. Nikageuza upande wa pili: kwikwi tena. Nikajiambia ni changarawe.

Nilipokwenda Igowole kumchukua mama, kwenye lami likaanza jambo la pili. Nikifika mwendo wa kawaida, si wa haraka, sakafu ilitetemeka chini ya miguu kama ninapita juu ya vile vituta vidogo vya kuamsha madereva. Nikiachia mafuta, linatulia. Nikikanyaga, linatetemeka. Nikajiambia ni matairi mapya, yanazoea.

Mama alikuwa tayari tangu alfajiri. Alikuwa na jogoo mwekundu amefungwa miguu, kapu la mahindi mabichi, na kidumu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, maana dada yake aliwahi kuonja ulanzi wa Mufindi kwenye arusi ya mama na hakuacha kuutaja. Kifuniko cha kidumu alikilegeza, kama inavyotakiwa, kwa sababu ulanzi ukibanwa hupumua kwa nguvu na kupasua chombo. Nikakitazama, nikaitazama ngozi ya viti vyangu, nikakiweka miguuni kwa jogoo.

Tulipoingia barabara kuu pale Nyololo na kuelekea Makambako, mlima wa kwanza tu ukatosha.

"Linatetemeka," mama akasema. "Linaumwa?"

"Ni barabara, mama."

"Barabara hii nimeijua wewe hujazaliwa."

Kabla ya Makambako taa ya njano ikawaka mbele yangu, yenye kipicha cha gurudumu la meno. Nikaingia kituo cha mafuta ili nitazame chini. Nilipokata usukani, mlio mzito ukatoka katikati ya gari, chini ya viti, kama mtu amevunja gogo kwa goti. Jogoo akapiga kelele. Mama hakupiga. Alishika mpini wa mlango na kutazama mbele, na nilijua kwamba mbele haoni chochote zaidi ya mwanga.

Ningeweza kuendelea. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilikaa na kulifikiria. Lakini Kawetire ni mlima mrefu, na sikutaka kumshusha mama kwenye kona ya mlima akiwa na nyonga yake na jogoo wake. Nikageuza.

Nyumbani alimfungua jogoo miguu. "Haya," akamwambia, "umeongezewa siku." Kisha akaketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, akapiga simu. Safari hii aliongea Kiswahili, nadhani ili nisikie. "Dada, hatufiki. Gari la mwanao limepata homa. Ee. Si neno. Si neno, dada. Nimesema si neno." Mtu akisema si neno mara tatu, ujue ni neno.

Nikarudi Iringa polepole sana, na ule ulanzi. Nikaunywa na mke wangu, ambaye baada ya bilauri ya pili alisema: "Ungenunua paa."

Kuna kundi kwenye simu la watu wenye magari kama langu, wametapakaa nchi nzima. Niliwahi kuingizwa humo na aliyeniuzia, nikawa nasoma bila kuandika. Siku ile nikaandika. Nikaeleza kwikwi, mtetemeko, taa na mlio. Majibu yalikuja kama watu waliokuwa wamesimama nyuma ya mlango. Wa Dodoma alisema lake lilianza hivyo hivyo, akabadilisha gia boksi, likaendelea hivyo hivyo, akaliuza akanunua ng'ombe, na ng'ombe hawajawahi kumwashia taa. Wa Moshi alisema propela. Wa Morogoro alisema difu ya mbele, kisha akasema difu ya nyuma. Mwingine alinitumia sala. Mmoja alisema magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoyaacha yakiwa na miaka mitatu, sisi tunayapokea yakiwa wazee tunataka yabebe mbolea. Hapo wengi waliweka alama za kucheka, na nikaona kwamba kundi zima lilikuwa limekwisha kubeba mbolea.

Katikati ya hayo mama mmoja wa Njombe aliuliza: "Kaka, matairi yako manne yanafanana?"

Nikamjibu kwa kujivuna: "Mawili ni mapya kabisa, dada."

Akaandika: "Ndiyo hapo."

Nilisubiri amalizie. Hakumalizia. Nikadhani mtandao umekatika, nikaendelea na ubishi wa difu.

Fundi niliyempata mwishowe yupo Ipogolo, chini ya mlima wa mji, pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea. Ni Mhehe mrefu, mwenye sauti ya chini, ovaroli lake limeshonwa magotini kwa ngozi ya kiatu.

"Kamwene, bosi," akanisalimu. "Linasemaje?"

Nikamweleza yote pamoja na maoni ya kundi. Akasikiliza hadi mwisho, na sikuona kama yalimwingia. Akapanda, akaendesha gari polepole kwa kuzunguka kwenye uwanja wake wa vumbi, duara moja kulia, duara moja kushoto. Lilipiga kwikwi duara zima. Akashuka. Hakufungua boneti, hakulala chini. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa uzi mnene wa kushonea viroba, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akauzungusha juu ya tairi, akaweka alama kwa chaki. Akaenda nyuma na uzi ule ule, akauzungusha tena. Kisha akaniita.

"Shika hapa."

Nikashika. Uzi wa mbele ulizidi wa nyuma kwa upana wa vidole viwili.

"Umemaliza?" nikauliza, maana nilikuwa nimejiandaa kwa habari kubwa zaidi.

"Nimemaliza. Bosi, chukua watu wawili, mmoja hatua ndefu, mwingine hatua fupi. Wafunge miguu pamoja. Waambie watembee hadi Mbeya. Nani ataumia?"

"Wote."

"Kamba. Kamba ndiyo itaumia kwanza." Akapiga sakafu ya gari kwa kiganja. "Hapa katikati pana kisanduku, tunakiita transifa. Ndicho kinagawa nguvu mbele na nyuma. Pikapu ya kawaida inavuta nyuma tu, ya mbele yanafuata, hata ungeweka la baiskeli. Hili linavuta yote, muda wote. Kila mzunguko mbele na nyuma wanagombana, na transifa anaamua ugomvi. Amechoka kuamua."

"Nilifundishwa mapya mbele," nikasema. Nilisikia sauti yangu inajitetea kama ya mtoto.

"Nani alikufundisha?"

"Dereva wangu. Wa lori."

"Alikuwa sahihi. Kwa lori." Akawa anakunja uzi wake kwenye vidole. "Na kule nyuma, kwenye matairi ya mapacha, alikuwa anafanyaje?"

Kwa mawazo nilikuwa nimekwisha kuondoka Ipogolo.

Nilikuwa Ruaha Mbuyuni, mchana, joto la bonde limetulemea, magunia ya vitunguu juu yetu yananuka. Tairi moja la mapacha ya nyuma limepasuka. Mimi, utingo mwenye haraka, nimelifunga la akiba, nimekaza nati zote, nimejifuta jasho, nimejivunia. Dereva wangu anakuja taratibu. Anatoa kamba ya turubai, anaizungusha kwenye tairi nililofunga, kisha kwenye pacha wake, ananiita, ananiambia shika hapa. Kamba imezidi. "Fungua," anasema. Nafungua nati zote tena, chuma kinaniunguza vidole, na yeye anaongea juu ya kichwa changu: "Mapacha hawapishani kimo. Mrefu ndiye anabeba mzigo, mfupi anatembea bure. Halafu mrefu anapasuka, na mfupi akibaki peke yake naye anapasuka, na wewe na mimi tunalala porini na vitunguu vya watu."

Nilikuwa nimeishika kamba hiyo kwa mikono yangu. Miaka yote nilikumbuka nusu ya mafunzo yake, ile nusu yenye Mungu ndani, ambayo hupendeza kuwasimulia watu barabarani. Nusu ya pili, ya kamba na nati za moto, niliiacha pale Ruaha Mbuyuni.

"Alikuwa anapima," nikamwambia fundi. "Kwa kamba."

"Basi alikufundisha vizuri. Gari lako lote ni mapacha, bosi. Manne."

Akamwaga oili ya transifa kwenye beseni. Ilitoka nyeusi, inanuka kama maharage yaliyoungulia sufuriani. Akaisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada, akaielekeza kwenye jua, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Hakuna chembe za chuma ndani," akasema. "Limeumia, halijafa. Ungefika Mbeya nalo, usingerudi nalo."

Nilimwuliza kama nirudishe yale mawili ya zamani mbele. Akasema nayo yamekwisha, na nisilogwe kununua mengine mawili. Manne, ya aina moja, namba moja, yafungwe siku moja. Ya saizi ile hayakuwapo Iringa. Yangeagizwa, yaje kwa basi. Gari libaki kwake, kwa sababu, alisema akinitazama viatuni, yeye anawajua watu ambao hawawezi kukaa.

Kwa hiyo nikapanda Kosta hadi Igowole, bila gari, kumweleza mama uso kwa uso. Nilikusudia kulala usiku mmoja. Nikakaa siku kumi.

Sijui nisemeje kuhusu siku hizo kumi, maana hakuna lililotokea. Nilipasua kuni. Nilimtungia mama uzi kwenye sindano, sindano tano kwa mara moja, akazichomeka kwenye mto ili atumie nikiondoka. Niligundua kwamba anamimina chai kwa kusikiliza mlio wa kikombe kinavyojaa, na kwamba jogoo mwekundu, aliyeongezewa siku, alikuwa amepewa cheo na sasa analala jikoni. Asubuhi ya nne nilishtuka kukuta sikufikiria barabara tangu juzi. Mama naye aliona.

"Miguu imekuwaje?" akauliza.

"Iko tu, mama."

"Iache hivyo hivyo."

Kila jioni aliuliza kama matairi yamekuja. Hakuuliza kwa kulalamika. Lakini siku ya saba nilimkuta uani amemwita mtoto wa jirani aje karibu, karibu zaidi, hadi uso ukawa mbele ya uso wake, akamwambia, "Haya, nimekuona, nenda ukacheze." Nikaelewa alikuwa anapima. Nikampigia fundi mara tatu kabla ya chakula.

Yalipofungwa manne, fundi aliyazungushia uzi yote mbele yangu bila kuombwa, akaendesha duara kulia, duara kushoto. Gari likazunguka kama maji kwenye bakuli. Yale mawili niliyonunua nilimpa jirani wa mama mwenye pikapu ya kubebea viazi. Ameyafunga mbele, na ninapopishana naye barabarani hupiga honi.

Tulianza safari asubuhi tulivu, jogoo yule yule, ulanzi mwingine. Nilipofika Nyololo nikagundua nimeng'ata meno. Mlima ule ule ukaja. Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza kama anavyosikiliza kikombe.

"Halitetemeki," akasema.

"Limepona."

"Au barabara imepona," akasema, na akacheka peke yake hadi karibu na Makambako.

Akasinzia Chimala, akaamka Igurusi, akaniuliza kama mpunga umechipua. Nikamwambia umechipua, kijani tupu. Uyole tulinunua ndizi. Kisha tukapita mji na kuanza kupanda Kawetire, na hapo nikaacha kuongea. Mlima ule una kona za polepole, za kukata usukani huku unapanda, yaani hasa yale mambo mawili yaliyokuwa yanaliua gari langu. Kona ya kwanza nilishusha kioo nisikie vizuri. Upepo baridi wa misonobari ukaingia, na hakuna kingine. Kona ya pili, ya tatu. Baada ya ya nne nikapandisha kioo, maana mama alikuwa ameanza kunung'unika.

Mama mkubwa alikuwa amesimama barabarani. Nadhani alisimama tangu saa nne. Ni mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amejifunga shuka mbili na kofia ya sufu ya mtu mkubwa. Nilimsaidia mama kushuka. Akaenda mwenyewe hatua zilizobaki, mikono mbele, akaishika ile sura kwa viganja vyote viwili, akaivuta hadi pua zikagusana, akaitazama. Alitazama kwa muda mrefu, upande huu na upande huu, kama fundi na ile oili.

"Umezeeka," akasema kwa Kiswahili.

"Macho yako yameharibika," mama mkubwa akajibu. "Mimi niko vile vile."

Kisha Kisafwa kikaanza, na mimi nikabaki na mizigo.

Tuliingizwa jikoni, kwa kuwa huko ndiko kwenye moto na juu ya mlima ule hakuna mgeni anayekaribishwa mbali na moto. Lakini kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, moshi ukajaa, na macho ya mama yakaanza kumwaga machozi hadi hakuweza kuyafungua. Alivumilia kidogo. Kisha nikasikia akisema neno, mama mkubwa akauliza neno, na mama akamshika mkono, akamwinua, akanyoosha mkono wa pili kwangu.

"Tupeleke garini."

Nikawafungulia. Nikawasha gari na viti vyote viwili vya mbele. Mama akaketi upande wangu wa usukani, sijui kwa nini, na dada yake upande wa pili. Nikasimama nimeshika mlango. Haikuchukua muda.

"Nani alikuwa amekaa hapa?" mama mkubwa akasema.

Mama alicheka hadi akaegemea honi, na kuku wote wa kijiji kile wakakimbia.

"Funga mlango," akaniambia alipopata pumzi. "Baridi inaingia."

Nikafunga. Nikakaa juu ya gunia la viazi ukutani, jogoo mapajani, nikawaangalia kupitia kioo. Walikuwa wamegeukiana, nyuso zimekaribiana kiasi ambacho mama anaona, wanaongea wote wawili kwa pamoja. Injini ilikuwa inanguruma polepole bila kwenda popote, ikila mafuta yangu, na kwa kweli sikuona gari hilo limewahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Jua likageuka upande wa pili wa ukuta. Sikujua saa ngapi, wala sikutazama.

Mwishowe kioo kikashuka nusu.

"Ukirudi Iringa," mama akasema, "mwambie yule daktari anoe kisu chake."

"Nitamwambia."

Akakodoa macho kuelekea nilipokuwa, kivuli tu kwenye ukuta.

"Wewe bado umekaa hapo? Leo huna pa kwenda?"

"Sina, mama."

"Basi kachinje jogoo."